Mjane wa Hesse aliyekataa kuharakishwa

Septemba 1637, katika mji wa Leer karibu na mpaka wa Uholanzi, Landgraf Wilhelm wa Tano wa Hesse-Kassel alifariki dunia akiwa uhamishoni. Alikuwa na miaka 35. Mkewe, Amalie Elisabeth, naye alikuwa na miaka 35. Walizaliwa wote mwaka 1602, wakipishana wiki mbili tu. Nchi yao ilikuwa imekanyagwa na majeshi ya Kaizari. Mumewe alikufa akiwa ametangazwa adui wa dola, amevuliwa cheo na haki zake zote. Mrithi alikuwa mtoto wa miaka minane. Fedha hazikuwepo. Kilichobaki mkononi mwa mjane kilikuwa jeshi la maelfu ya askari wenye madai ya mishahara, waliopiga kambi kwenye ardhi ya bwana mwingine asiyewataka, pamoja na wosia uliomtaja yeye kuwa mlezi wa mtoto na mtawala kwa niaba yake mpaka akue.

Miaka 11 baadaye, mkataba mkubwa uliomaliza Vita vya Miaka Thelathini ulitenga kifungu kizima kwa ajili ya nyumba ya mama huyu, kikitamka ardhi atakayopewa, fedha atakazolipwa na nani atazilipa. Nimemsoma Amalie Elisabeth kwa miaka mingi, na swali linalonirudisha kwake ni hilo moja: alipitaje kutoka Leer mpaka huko? Nilichokuja kuamini ni kwamba aliutumia muda. Kila aliyemjia alitaka asaini haraka, na kila mara alipata sababu nzuri ya kungoja kidogo.

Kwanza nieleze ilikuwaje mwanamke akaweza kukalia kiti hicho. Landgraf alikuwa mtawala wa jimbo aliyewajibika kwa Kaizari wa Dola Takatifu la Roma moja kwa moja, bila mfalme katikati. Dola hilo lilikuwa na mamia ya watawala wa namna hiyo, wakubwa kwa wadogo, na cheo kilirithiwa na mwana wa kiume. Mwanamke hakurithi kiti. Lakini mrithi akiwa mtoto, lazima apatikane mtu mzima wa kumshikia, na mama yake mzazi angeweza kuwa huyo, hasa kama marehemu ameandika hivyo. Saini inakuwa ya mama, mihuri inakuwa ya mama, mabalozi wanapokelewa na mama, na kila kitu kinafanyika kwa jina la mtoto. Kwa hiyo alikuwa na mamlaka yote na hakuwa na chochote chake. Akipoteza ardhi, amepoteza mali ya mwanawe. Akiuza haki, ameuza haki ya mtu asiyeweza kumkatalia. Ukilishika hilo, ukaidi wake unaeleweka.

Na kazi yenyewe hakuijia kigeni. Alizaliwa Hanau, mji ulio jirani kabisa na Frankfurt, binti wa Count Philipp Ludwig wa Pili. Baba alifariki 1612, Amalie akiwa na miaka 10, na mama yake, Catharina Belgica, akaitawala Hanau kwa niaba ya mdogo wake Amalie wa kiume mpaka 1626. Catharina Belgica mwenyewe alikuwa binti wa Wilhelm wa Orange, kiongozi wa uasi wa Waholanzi dhidi ya Hispania, aliyeuawa kwa risasi 1584. Yaani binti huyu alikulia kwenye nyumba ambayo babu aliuawa kwa sababu ya dini na siasa, baba alikufa mapema, na mama alikuwa anaketi mezani na mawaziri. Alipofiwa yeye, alikuwa ameshaona ujane wa kutawala ukifanyika mbele ya macho yake, siku baada ya siku, kwa zaidi ya miaka sita kabla hajaolewa.

Hanau yenyewe ilikuwa mji wa wakimbizi. Mwaka 1597 baba yake aliwaandikia mkataba Wakalvini, yaani Waprotestanti wanaofuata mafundisho ya Calvin, waliofukuzwa nchi za Ubelgiji wa leo, akawapa eneo la kujenga mji mpya kando ya ule wa zamani. Naishi karibu na huko, na mitaa ya mji ule mpya bado imenyooka kwa rula, inakatana kwa pembe mraba. Katikati kuna kanisa la ajabu: makanisa mawili ya pembe nyingi yaliyoungana, kubwa la waliosema Kifaransa na dogo la waliosema Kiholanzi, wakisali ukuta kwa ukuta. Mabomu ya Machi 1945 yaliliangusha. Upande mdogo umejengwa upya, upande mkubwa umeachwa gofu lililo wazi juu, na ukisimama ndani yake unaona mbingu. Wakimbizi hao walikuja na ufundi wa dhahabu, na Hanau ikawa mji wa masonara. Mtoto aliyelelewa hapo alijua kwa macho yake kwamba dini inaweza kumtoa mtu nyumbani kwake, na kwamba mtawala mwenye akili hunufaika kwa kumpa mtu huyo mahali.

Uchumba wake wa kwanza ulikuwa na bwana wa Bohemia aitwaye Albrecht Jan Smiřický. Kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliowarusha dirishani wawakilishi wa Kaizari kwenye ngome ya Prague, Mei 1618, tukio lililoiwasha vita iliyokuja kuitafuna Ulaya kwa miaka 30. Smiřický alikufa mwaka huohuo, Novemba. Mwaka uliofuata Amalie akaolewa Kassel. Huwa nafikiri jinsi vita hii ilivyomgusa kabla hata haijawa vita: mchumba wake alikuwepo dirishani.

Ndoa ya Kassel ilikuwa ya kupendana, kwa kadiri barua na matendo yao yanavyoonyesha, na ilikuwa ya shida tangu mwanzo. Baba mkwe, Moritz, alikuwa msomi mkubwa na mtawala mbovu wa fedha. Mwaka 1627 alilazimika kuachia madaraka. Mke wake wa pili, Juliane, ambaye ni mama wa kambo wa Wilhelm, akapigania wanawe hadi wakapata robo ya nchi. Juu ya hayo, mahakama ya Kaizari ilikuwa imeshawanyang'anya Kassel urithi wa Marburg mwaka 1623 na kuwapa binamu zao wa Hesse-Darmstadt, Walutheri waliokuwa waaminifu kwa Kaizari Mkatoliki. Wilhelm na Amalie walianza kutawala wakiwa na nchi iliyopunguzwa, yenye madeni, ikizungukwa na ndugu waliokuwa wanaitamani.

Mwaka 1631 Wilhelm alijiunga na mfalme Gustav Adolf wa Sweden, akiwa miongoni mwa watawala wa kwanza wa Kijerumani kufanya hivyo kwa hiari yake. Mfalme aliuawa vitani Lützen mwaka uliofuata. Mwaka 1635 Kaizari alifanya amani na watawala wengi wa Kiprotestanti mjini Prague, lakini amani ile haikuwataja Wakalvini, na nyumba ya Kassel ilikuwa ya Kikalvini. Kisheria walikuwa hawapo. Mkatoliki alikuwa na nafasi yake katika sheria za dola, Mlutheri alikuwa nayo, Mkalvini alikuwa anavumiliwa tu, na anayevumiliwa anaweza kuamka kesho akaambiwa muda wake umekwisha.

Hapo ndipo Hanau inarudi. Tangu Septemba 1635 mji ulikuwa umezingirwa na jenerali wa Kaizari, Lamboy. Ndani kulikuwa na wenyeji pamoja na wakimbizi wa vijijini waliojazana, njaa ikaingia, tauni ikaingia. Juni 1636 Wilhelm alikuja na jeshi lake pamoja na Waswidi wa jenerali Leslie, wakauvunja mzingiro. Mpaka leo Hanau hufanya sikukuu kila Juni inayobeba jina la yule aliyewazingira, Lamboyfest. Nimewahi kuwa pale wakati wake: soseji zinachomwa, bendi inapiga, watoto wamebebwa mabegani. Wengi wanacheza tu, na ni haki yao. Mimi nilikuwa namfikiria Wilhelm, ambaye kwa kuuokoa mji alikozaliwa mkewe aliufunga mlango wa mwisho wa kupatana na Kaizari. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ametangazwa adui, na usimamizi wa nchi yake akapewa binamu, Georg wa Pili wa Hesse-Darmstadt.

Mwaka uliofuata, 1637, wapanda farasi wa Kikroati waliokuwa kwenye jeshi la Kaizari waliipitia Hesse kwa moto. Mji wa Eschwege uliteketea. Vijiji kwa mamia vilichomwa. Wilhelm na mkewe wakaondoka na jeshi kuelekea kaskazini, Ostfriesland, ambako vita ilikuwa haijafika na kulikuwa na chakula. Mtawala wa huko, Count Ulrich, aliambiwa wageni watakaa muda mfupi. Baada ya wiki chache Wilhelm akafa.

Georg wa Darmstadt hakupoteza muda. Alidai ulezi wa mtoto na usimamizi wa nchi, akisimama kwenye amri ya Kaizari na kwenye udugu wa damu. Hapa lazima niseme kwa nini mwanamke aliyekufa miaka zaidi ya 370 iliyopita ananihusu. Katika ukoo wetu mama mdogo alifiwa na mume akiwa na watoto wanne wadogo. Arobaini haijafika, shemeji zake wakaja na mkeka, na maneno matamu, na karatasi. Walisema hawataki kitu, wanataka kuwalinda watoto wa ndugu yao, mwanamke peke yake ataweza nini na shamba, na kwamba akisaini leo mambo yataenda vizuri. Nilikuwa msichana, niliketi mlangoni nikisikiliza. Mama mdogo alisema ataifikiria. Walirudi wiki iliyofuata, akasema anamsubiri kaka yake kutoka safari. Walirudi tena, akasema macho yanamsumbua, hawezi kusoma vizuri, wamwachie karatasi. Shamba lile watoto wake wanalo mpaka leo. Nilipokuja kusoma barua za kisiasa za Amalie Elisabeth, ule ucheleweshaji wa heshima, ule unyenyekevu usiotoa kitu, niliutambua mara moja.

Maana alichofanya kilikuwa hiki. Mara baada ya mazishi ya matumaini yao yote, kila upande ulimtaka. Kaizari mpya, Ferdinand wa Tatu, alitaka jeshi la Hesse livunjwe au liingie upande wake. Ufaransa na Sweden zilitaka jeshi hilohilo libaki vitani. Washauri wengi wa Kassel, waliokuwa wamechoka na kuona moto, walitaka amani ya aina yoyote. Yeye mwaka 1638 akafanya usitishaji wa mapigano na upande wa Kaizari, akaanza mazungumzo, askofu mkuu wa Mainz akiwa mpatanishi. Masharti yalikuwa ya kuvutia: mwanawe arudishiwe nchi, yeye atambuliwe kuwa mlezi. Akasema vema, lakini dini yetu itambuliwe kwa maandishi, kwa jina. Kaizari hakutaka kuandika hilo neno. Barua zikaenda, zikarudi. Usitishaji ukaongezwa muda. Wakati huo jeshi lake lilikuwa linapumzika, linakula, linajaza nafasi za waliokufa, bila kupigana na yeyote. Na wakati huohuo wajumbe wake walikuwa wanaongea na Wafaransa kuhusu bei.

Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi sioni hivyo, na nimelifikiria sana. Aliahidi kuzungumza na akazungumza. Kitu kimoja alichokitaka kwa Kaizari alikisema wazi tangu mwanzo na hakukibadilisha mpaka mwisho, na upande wa pili ulikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kukitoa. Wangeandika sentensi moja kuhusu Wakalvini, vita upande wa Hesse ingekuwa imekwisha.

Agosti 1639, mjini Dorsten, alisaini mkataba na Ufaransa. Angelipwa fedha kila mwaka, naye angeweka jeshi vitani. Mkalvini, mjukuu wa Wilhelm wa Orange, akifanya urafiki na serikali iliyoongozwa na kadinali wa Kanisa Katoliki. Alijua kadinali huyo, Richelieu, hakuvutiwa na dini yake. Alichopenda ni askari wake. Kwa hiyo alihakikisha askari wale wanabaki wake. Hakukubali waunganishwe na jeshi la Ufaransa wakapotelea humo, na alipoona malipo yanachelewa alikuwa mwepesi wa kukumbusha kwamba Vienna, kwa Kaizari, nako wanajua kuandika barua.

Hatari iliyofuata ilitoka ndani. Kamanda wake, Peter Melander, alikuwa askari hodari na Mkalvini mwenzake, mtu aliyetoka familia ya kawaida akapanda kwa uwezo. Melander hakuwapenda Wafaransa na aliona Wajerumani wangemaliza ugomvi wao wenyewe. Mwaka 1640 akaacha kazi, na baadaye akaonekana upande wa Kaizari, akiwa na cheo kipya cha Count wa Holzappel. Kwa mjane ambaye utajiri wake wote ulikuwa jeshi, kuondokewa na kamanda kungeweza kuwa mwisho. Haikuwa mwisho, kwa sababu maofisa wengine walibaki. Januari 1642, huko Kempen karibu na mto Rhine, askari wake chini ya Eberstein, bega kwa bega na Wafaransa wa Guébriant, walilipiga jeshi la Kaizari na kumkamata jenerali wake akiwa hai. Jenerali huyo alikuwa Lamboy, yule yule wa Hanau. Sijui kama kuna mtu Hanau aliyelala usiku ule.

Baada ya Kempen ngome za mto Rhine na Westfalia zikawa za Hesse: Neuss, pamoja na Coesfeld na Lippstadt ambazo walikuwa nazo tangu kabla. Na hapa ndipo ninapolazimika kusimama, maana kuna watu ambao jina la Amalie Elisabeth kwao lilikuwa na maana nyingine kabisa. Jeshi lile lililishwa na nani? Hesse ilikuwa majivu. Fedha za Ufaransa hazikutosha na hazikufika kwa wakati. Lililishwa na wakulima wa Ostfriesland, wa Münster, wa Paderborn, wa Cologne. Karani wa jeshi alikuwa anapeleka barua kwa kijiji: kila mwezi mtatoa kiasi hiki cha fedha, nafaka hizi, majani haya ya farasi. Kijiji kikilipa, kinapewa hati ya ulinzi. Kisipolipa, wapanda farasi wanakuja kuchukua ng'ombe, na mara nyingine wanawasha paa. Mfumo huo ulitumiwa na majeshi yote ya vita ile, nao mjane wa Kassel aliuendesha kwa ustadi kuliko wengi. Wale wageni wa muda mfupi walikaa Ostfriesland kuanzia 1637 hadi 1650. Count Ulrich alikufa 1648 wakiwa bado wapo, na mjane wake, Juliane, akaanza kutawala kwa niaba ya mwanawe huku nchi ikilipa askari wa mjane mwingine. Juliane alikuwa dada yake Georg wa Darmstadt.

Mtoto wa mkulima wa Ostfriesland naye alikuwa na mama. Alipopelekewa karatasi ya kulipa, mama yule hakuwa na jeshi la kumwezesha kusema ataifikiria. Namheshimu Amalie Elisabeth na siwezi kuliondoa jambo hili kwenye heshima hiyo. Alilinda haki ya mtoto mmoja, na dini ya watu wake, kwa jasho la watu ambao hawakuwa na ugomvi naye.

Katikati ya haya alifanya jambo dogo la karatasi ambalo watu wengi hulipita. Mwaka 1642 tawi la familia ya Hanau alikotoka yeye lilikosa mrithi wa kiume, na tawi la mbali la Hanau-Lichtenberg lilihitaji msaada kuchukua kiti. Akasaidia, na kwa malipo ya msaada huo mwaka 1643 akaandikisha mkataba: siku uzao wa kiume wa Hanau ukikatika, Hanau-Münzenberg iende Hesse-Kassel. Alikuwa vitani, ana deni, anafukuzana na Kaizari, akakaa chini kuandika kuhusu watu ambao hawajazaliwa. Mwaka 1736 uzao ulikatika, na Hanau ikaenda Kassel kama alivyoandika.

Suala la Marburg alilifungua tena 1645. Majeshi yake yakaingia nchi ya Hesse-Darmstadt, kamanda wake mpya Geyso akauteka mji wa Marburg na kisha ngome yake, na kwa miaka mitatu Wahesse wakapigana na Wahesse, watu wenye lugha moja, babu mmoja, na tofauti ya namna ya kuumega mkate kanisani. Sipendi sehemu hii. Kisheria alikuwa na hoja, maana hukumu ya 1623 ilikuwa ya upendeleo wa wazi. Lakini mtu akitazama vijiji vya bonde la Lahn vilivyolipia hoja hiyo, anajiuliza kama Georg, yule binamu aliyetaka kumpokonya ulezi, hakuwa pia sababu. Desemba 1647 Melander alirudi, safari hii akiwa kamanda mkuu wa Kaizari, akautwaa mji wa Marburg huku ngome juu ya kilima ikibaki kwa Amalie. Akiwa mezani kwenye nyumba moja mjini, mzinga ulifyatuliwa kutoka ngomeni ukaipiga nyumba ile, naye akajeruhiwa. Alipona, akafa vitani Mei 1648 huko Zusmarshausen, Bavaria. Mwezi uliofuata Lamboy akashindwa tena na Geyso, Wevelinghoven. Aprili ya mwaka huo Darmstadt walikuwa wameshakubali: Marburg na eneo lake ikarudi Kassel, na Walutheri wa huko wakaachiwa ibada yao.

Kwenye meza za amani za Münster na Osnabrück wajumbe wake walikuwa wabishi kupita kiasi. Walianza kwa kudai ardhi kubwa za maaskofu waliowazunguka, jambo ambalo hata Wafaransa liliwakera. Walichotoka nacho, Oktoba 1648, kilikuwa abasia (nyumba ya watawa yenye ardhi zake) ya Hersfeld iliyogeuzwa kuwa mali ya nyumba ya Hesse-Kassel, nusu ya Schaumburg, na thaler (sarafu za fedha) 600,000 za kuwalipa askari, zitolewe na Mainz, Cologne, Münster, Paderborn na Fulda. Mpaka fedha ziingie, askari wa Hesse waliruhusiwa kubaki Neuss, Coesfeld na Neuhaus. Hakuwa mtu wa kukabidhi ufunguo kabla ya kuhesabu.

Na ile sentensi ilikuwemo. Kifungu cha saba cha mkataba wa Osnabrück kinasema haki walizo nazo Wakatoliki na Walutheri zitakuwa pia za wale wanaoitwa Wareformati, yaani Wakalvini. Brandenburg na wengine waliipigania, hakuipata peke yake. Lakini ndiye aliyekuwa ameikataa nchi yake yote kwa miaka 10 kwa sababu sentensi hiyo haikuwemo, na kila aliyeketi Osnabrück alilijua hilo. Wajukuu wa wakimbizi wa Hanau hawakuwa tena watu wa kuvumiliwa.

Michoro ya shaba ya siku zile inamwonyesha kwa nguo nyeusi na ushungi mweusi wa ujane. Hakuolewa tena. Alizaa zaidi ya mara kumi na kuzika wengi wa watoto wake wakiwa wadogo, jambo ambalo waandishi wa vita hulitaja kwa mstari mmoja, nami najua nimefanya vivyo hivyo hapa. Afya yake ilikuwa imeharibika kabla ya amani kufika.

Mwaka 1649 alimwoza mwanawe kwa Hedwig Sophie wa Brandenburg, dada wa mtawala mkubwa kuliko wote wa Kikalvini katika dola. Septemba 1650 akamkabidhi nchi, Wilhelm wa Sita akiwa na miaka 21. Wapo walezi wa namna hii waliolazimika kung'olewa, na wapo waliong'ang'ania mpaka mtoto akaota mvi. Huyu alikabidhi, akatoka. Agosti 1651 alifariki Kassel akiwa na miaka 49, akazikwa Martinskirche pamoja na wa ukoo wa mumewe. Kanisa hilo liliungua kwa mabomu ya 1943, likajengwa upya likiwa na minara ya kisasa, iliyonyooka, isiyofanana na ya zamani.

Mwaka 1663 Wilhelm wa Sita naye akafa akiwa kijana, akiacha mrithi wa miaka 12. Hedwig Sophie akawa mlezi na mtawala. Mrithi huyo alifariki 1670 akiwa safarini Paris, ikabidi mama aendelee kwa niaba ya mwana wa pili, Karl. Alikaa kitini mpaka 1677, miaka 14, mmoja zaidi ya mama mkwe wake. Karl ndiye aliyewafungulia milango Wakalvini wa Ufaransa waliofukuzwa mwaka 1685, na wakajengewa mji mpya Kassel, kandokando ya ule wa zamani.